Mkanda wa Umeme wa Siksipaki: Itazame Hii Jeli Kwanza

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Mmeniandama kwenye komenti, "kaka tuchambulie ule mkanda wa umeme wa tumbo, ule wanaosema unaleta siksipaki bila jasho," basi huu hapa. Boksi nimeshafungua, sitaki kuwamalizia bando. Viwango vya mtetemo, waya wa chaji, hayo mnayajua, mikanda hii yote ni ndugu. Chaji inakaa, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko hapa. Sogeza kamera. Unaiona hii jeli? Ndiyo inayogusa ngozi na kupitisha umeme. Ikiwa mpya inanata mpaka ukiibandua inaondoka na nywele za kitovuni. Sasa itazame: vumbi, nywele, na hapa pembeni imeshajikunja. Nabandika, nakandamiza, nasimama tu, sijaruka wala nini... umeona? Upande wa kulia umeachia. Ukiachia hivi, umeme wote unapita kwenye kaeneo kadogo kalikobaki. Ngoja niongeze kiwango... aah! Mnaona ninavyoruka? Hapo msuli haufanyi mazoezi, hapo ngozi inachomwa sindano. Karatasi yao inasema paka maji kidogo. Nimepaka. Inashika, ukitoka jasho tu inateleza tena.

Kutikisa tumbo, linatikisika, hilo siwanyimi. Msuli unajikaza wenyewe huku mimi napiga stori. Wataalamu wa fiziotherapia wanatumia mashine za namna hii kwa wagonjwa ambao misuli imelegea. Ila mafuta yaliyoufunika msuli hayana habari. Siksipaki unayo tayari, ndugu yangu, iko chini ya kitambi. Kwa wanaume wengi inaanza kujichora mafuta ya mwili yakishuka kwenye asilimia 10 hadi 12 hivi, kinadada inatokea mapema kidogo, hawahitaji kushuka hivyo. Na vipande viwe vinne, sita au vinane, umezaliwa navyo, hakuna mkanda wa kukuongezea.

Na uongo huu ni wa zamani. Mwaka 2002 huko Marekani, tume ya FTC, ile inayolinda wateja dhidi ya biashara za udanganyifu, iliwashtaki wauzaji wa AbTronic, AB Energizer na Fast Abs kwa madai haya haya ya kupata siksipaki bila jasho. Leo tangazo lile lile limehamia TikTok, jamaa kavaa mkanda anakula chipsi zege!

Halafu, mjamzito au mwenye kifaa cha umeme kwenye moyo, usiuguse kabisa.

Ila niseme ukweli, jioni najikuta nimeuvaa naangalia mpira. Kama masaji, unaburudisha. Kwa hiyo siyo takataka, sijui niseme nini... tatizo wameuuza kwa jina lisilo lake.

Mpinzani wake ni hili gurudumu la tumbo. Halina jeli, halina chaji. Piga magoti, sukuma mbele taratibu, kiuno kisibonyee, rudi. Kesho yake hata kupiga chafya utaona tabu. Nalo haliondoi kitambi, hilo ni la sahani yako. Jumamosi usiku tuko laivu tunalijaribu, na maiki mpya imefika, mtanisikia vizuri. Sabskraibu basi.

Bei: mkanda nimeuchukua Kariakoo kwa 35,000, gurudumu 15,000. Na jeli za kubadilisha, nimeziulizia pale pale dukani, wanataka 18,000. Jeli tu!