Mataruma ya reli: ya shoka ama ya msumeno?

Huku Tororo ukikaa karibu na reli hii mabishano haiishi, taruma la mbao (ule ubao mnene unaolala chini ya vyuma vya reli) lipi bora, la kuchongwa kwa shoka ama la kupasuliwa kwa msumeno.

Kwa gharama shoka inashinda, maana zamani kule Marekani fundi alikuwa anaingia msituni na vyombo vya mkono tu, anaangusha mti usio mnene sana, anapiga mstari na kamba ya chaki, anakata mikato mikato ubavuni halafu shoka pana inasawazisha pande mbili, maganda anabandua, basi. Hakuna mashine, hakuna kusomba gogo zima. Ila mbao kibao inaishia vibanzi vya kuni, hiyo mimi inaniuma.

Msumeno gogo moja nene linatoa mataruma kadhaa, saizi moja yote, reli inalala vizuri. Hapo shoka haifui dafu.

Matunzo? Sare tu. Bila kreosoti, ile dawa ya kuhifadhi mbao, mchwa na unyevu hawachagui, labda mti wenyewe uwe mgumu kama mvule.

Kazi ndogo na msitu uko mbali na mashine, chukua shoka. Unataka mengi yanayofanana, peleka kwa wapasua mbao.