Kununua softikopi za vitabu ukiwa Dar: gifti kadi iwe ya mwisho

Mi nasomea kwenye mwendokasi, Kimara mpaka Kivukoni, siku nikibahatika kupata siti namaliza sura mbili kwenye simu kabla ya kushuka. Kusoma rahisi, kazi iko kwenye kulipia, maana maduka ya vitabu ya nje yanataka kadi na wengi wetu hela zetu ziko kwenye laini.

Namba moja kwangu ni kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. M-Pesa wanayo ya Visa, unaitengeneza humohumo kwenye apu yao, unapewa namba ya kadi, tarehe ya kuisha na zile tarakimu 3 za nyuma (japo nyuma yenyewe haipo). Raha yake haigusi akaunti ya mshahara, mtu akikuibia namba anakutana na salio la buku mbili. Sasa hapa ndo watu wanakwama: kitabu kimeandikwa dola 10, mtu anaweka shilingi za dola 10 kamili halafu kinagoma anaanza kuitukana kadi, kumbe tangu Julai 2022 huduma za kidijitali za kampuni za nje nazo zinatozwa VAT (ilianza na asilimia 18), hiyo dola 10 inaweza kufika 11.80, na bado kadi inabadilisha hela kwa rate yake sio ile uliyoiona Google. Weka ya juu kidogo. Na ukishanunua angalia kama hujajiunga na kitu cha kukatwa kila mwezi, zile "jaribu bure" zina mambo.

Halafu kuna la Kindle, apu ya Amazon ya kusomea vitabu, mtu anafuta apu na kuipakua upya mara tano akitafuta sehemu ya kununulia. Haipo, ndugu yangu. Kwenye Android waliitoa 2022 kukwepa mfumo wa malipo wa Google, kwa hiyo fungua brauza, ingia Amazon, nunua huko, kitabu kitajileta chenyewe kwenye apu. Ukibonyeza kwa bahati mbaya una siku 7 za kukirudisha, ila usiwe umeshasoma zaidi ya asilimia 10 yake.

Namba mbili ni lipa namba, na kama unataka vya Kiswahili basi hii ndo inapanda kuwa namba moja. Waandishi wa hapa wengi wanauza wenyewe, unalipa, unatuma meseji ya muamala, PDF inakuja WhatsApp. Soma jina linalotokea kabla hujaweka PIN, maana hela ikishaenda kwa mtu baki kuirudisha ni shughuli. Faida ni kwamba faili linakaa kwako, wakati vya kwenye maduka makubwa kimsingi unanunua ruhusa ya kusoma, akaunti ikifungwa na vitabu navyo basi tena.

Namba tatu kadi ya benki. Inafanya kazi, ila nyingine zinakuja zimefungwa manunuzi ya mtandaoni mpaka uombe wakufungulie.

Mkiani ndo gifti kadi. Inavutia, unakwangua unaingiza namba ya siri basi, ila gifti kadi ina nchi yake: ya Google Play ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Tanzania, za Apple hivyohivyo, na ya Amazon ya Marekani hailipii kitu kwenye Amazon ya Uingereza. Namba ikishakwanguliwa hakuna wa kukurudishia hela. Kama ni zawadi, muulize mhusika kwanza akaunti yake ameiandikisha nchi gani.

Mi niliuziwa moja na jamaa mtandaoni, ya dola 25, akaniapia inaingia popote. Ikagoma, na yeye simu ikawa haipatikani. Mwisho shemeji yangu aliyeko Marekani ndo akaitumia, akanirushia nusu ya hela, nusu nyingine mpaka leo ananiambia "nakuja nayo Desemba".