Vipodozi visivyomgusa mnyama, Sephora na Ulta: usiamini rafu, soma boksi

Habari zenu wapendwa, karibuni. Leo tunaingia madukani, Sephora na Ulta, maduka makubwa ya vipodozi. Mmekuwa mkiniandikia sana kuhusu vipodozi ambavyo havijajaribiwa kwa wanyama na ambavyo ndani yake hamna kitu cha mnyama. Wengine mko huku Marekani, wengine mko Dar na Mombasa mnaagiza kwa ndugu aliye huku au aliye Dubai. Unatuma hela, ndugu yako anakwenda Sephora, anakuletea kitu kizuri kabisa, lakini sicho ulichokusudia. Na ukishakipokea Kariakoo, nani atakirudisha? Kwa hiyo nitawaonyesha jinsi ninavyonunua mimi, halafu tutafungua hivi vilivyopo mezani.

Kwanza tuelewane jambo moja, maana bila hili yaliyobaki hayatashika. Hapa kuna maswali mawili, na kila moja lina jibu lake. Swali la kwanza: kuna mnyama aliyepakwa au kulishwa kitu hiki, au kiambato chake chochote, ili kijaribiwe? Kwenye boksi jibu lake huandikwa Cruelty Free. Swali la pili: ndani mna kitu kilichotoka kwa mnyama, iwe nta, mafuta, maziwa au mdudu? Hapo tunatafuta Vegan. Kampuni inaweza isiwe imemgusa sungura hata mmoja na lipstiki yake bado ikawa ya nta ya nyuki. Na maskara inaweza isiwe na chembe ya mnyama, huku kampuni ikilipia majaribio ya wanyama ili iuze katika nchi fulani. Uliza yote mawili, kila mara.

Sasa Sephora. Ukiingia utaona alama ya Clean at Sephora kwenye rafu na kwenye mtandao wao. Waliianzisha 2018. Nimesikia akina dada wengi wakisema, "Ina alama, basi iko salama." Hapana, dada yangu. Alama ile inahusu viambato ambavyo duka limevikataa, kama parabeni na baadhi ya salfeti. Haisemi lolote kuhusu sungura, wala nyuki. Mwaka 2021 wakaongeza nyingine, Clean + Planet Positive, ambayo iliangalia mazingira na vifungashio. Ni jambo jema, ila si swali letu. Kama unanunua Sephora kwa ajili ya wanyama, rafu haikusaidii. Ingia kwenye programu yao ya simu, chuja bidhaa kwa Vegan na kwa Cruelty Free, halafu bado usome orodha ya viambato.

Ulta wamefanya vizuri zaidi katika hili, na nasema hivyo bila kusita. Mwaka 2020 walianza mpango wanaouita Conscious Beauty, na ndani yake wametenganisha mambo: viambato peke yake, kutojaribu kwa wanyama peke yake, vegani peke yake, vifungashio peke yake. Na ili chapa ipewe alama ya kutojaribu kwa wanyama, wanataka iwe na cheti kutoka nje, cha mpango wa Leaping Bunny au cha PETA, shirika la kutetea wanyama, kwa mfano. Hilo ndilo lililonivutia. Duka halijajipa mamlaka ya kusema nani msafi.

Kwa nini nang'ang'ania cheti? Kwa sababu hapa Marekani hakuna sheria inayoeleza maneno Cruelty Free maana yake nini. FDA, mamlaka ya chakula na dawa, haina tafsiri ya kisheria ya maneno hayo. Kampuni inaweza kuyaandika ikimaanisha tu kwamba lipstiki iliyokamilika haikujaribiwa, ilhali rangi iliyomo ndani ilijaribiwa na aliyewauzia. Na mtu yeyote anaweza kuchora sungura wake mzuri akambandika kwenye boksi. Nimeona sungura wa kila namna.

Huyu hapa ndiye wa kumtafuta. Ngoja nisogeze karibu na kamera. Mnamwona anavyoruka? Huyu ni Leaping Bunny. Mpango huu ulianzishwa 1996 na mashirika kadhaa ya kutetea wanyama yaliyoungana. Wanataka kampuni ifuatilie mpaka kwa wanaowauzia malighafi, irudie ahadi yake kila mwaka, na ikubali kukaguliwa. PETA nao wana sungura wao, lakini wao wanategemea zaidi maandishi ya kampuni yenyewe. Nikiwa na bidhaa mbili mkononi, moja ya Leaping Bunny na nyingine ya PETA peke yake, nachukua ya Leaping Bunny. Ya PETA siitupi, maana ina faida moja kubwa: wana alama ya pili inayojumlisha na vegani, kwa hiyo maswali yetu yote mawili yanajibiwa hapo hapo.

Mtu aliniuliza kwa nini kila mahali ni sungura, kwani hakuna mnyama mwingine? Mwaka 1944 mtaalamu wa FDA aitwaye John Draize alieleza namna ya kupima kama kitu kinawasha: kinawekwa kwenye jicho la sungura, au kwenye ngozi yake iliyonyolewa, halafu wanahesabu uwekundu, uvimbe na vidonda siku baada ya siku. Sungura ni mpole, ni rahisi kumshika. Ndiyo sababu akachaguliwa, na hilo linaniuma kila ninapolisema. Kwa miaka mingi kipimo hicho kilikuwa cha kawaida. Mwaka 1980 mwanaharakati Henry Spira na wenzake walilipia ukurasa mzima kwenye gazeti la New York Times wakaiuliza kampuni ya vipodozi ya Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Revlon ikatoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller ili kitafute njia nyingine. Leo kuna ngozi ya binadamu inayooteshwa maabara kwa kazi hiyohiyo. Njia mbadala zipo, na zinatumika.

Basi kwa nini mwaka huu bado tunauliza? Jibu kubwa kwa miaka mingi lilikuwa China. Serikali yao ilitaka vipodozi vinavyoingia kutoka nje vijaribiwe kwa wanyama, na soko lile ni kubwa, linavutia. Chapa ya vipodozi ya NARS ilikuwa kipenzi cha watu wa upande wetu, ikatangaza 2017 kwamba inaingia China. Kelele zilizopigwa mtandaoni si mchezo, lakini iliingia. Tangu Mei 2021 China imelegeza: vipodozi vya kawaida vinaweza kusamehewa majaribio kampuni ikileta vyeti vinavyotakiwa. Vile wanavyoviita maalumu, kama rangi ya nywele, mafuta ya kuzuia jua na vya kung'arisha ngozi, havimo kwenye msamaha huo. Kwa hiyo ukisikia "inauzwa China" usikate tamaa papo hapo, lakini uliza inauza nini huko na kwa cheti gani.

Nyie mliopo Ulaya, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama tangu Machi 2013, na hilo ni jambo la kushukuru. Ila sheria ya kemikali ni nyingine. Novemba 2023 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kampuni ya Symrise ya Ujerumani inaweza kutakiwa kufanya majaribio ya wanyama kwa viambato viwili vinavyotumika kwenye mafuta ya jua, kwa sababu ya usalama wa wafanyakazi kiwandani. Ndiyo maana hata Ulaya mimi bado natafuta sungura kwenye boksi. Uingereza mna bahati, maduka ya Superdrug bidhaa zao wenyewe zina Leaping Bunny, na bei ni za mwananchi wa kawaida.

Sasa tushuke kwenye viambato. Hii hapa lipstiki nyekundu, chapa sitaitaja, maana nataka muone orodha tu. Angalia mwanzoni: Cera Alba. Hiyo ni nta ya nyuki. Lanolin, hayo ni mafuta ya sufu ya kondoo. Sasa teremka mpaka mwisho kabisa, pale palipoandikwa May Contain, au pengine utaona alama ya kujumlisha na kutoa. Hapo zinapangwa rangi zote. Hii, CI 75470. Wakati mwingine wanaandika Carmine. Hiyo ni rangi ya wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate, wengi wao wanafugwa Peru. Wanakaushwa, wanasagwa. Ratili moja ya wadudu hao waliokaushwa ni wadudu kama 70,000. Na ndiyo nyekundu nzuri, lazima tukiri, ndiyo maana kampuni zinashindwa kuiacha.

Na hapa ndipo ndugu zenu wanapokwama dukani. Orodha ya May Contain mara nyingi ni moja kwa rangi zote za mstari ule. Kahawia uliyoitaka inaweza isiwe na karmini kabisa, lakini boksi lake litaitaja kwa sababu nyekundu jirani yake anayo. Usimlaumu muuzaji, naye anasoma boksi hilohilo. Ingia kwenye tovuti ya chapa yenyewe, tafuta rangi yako kwa jina lake. Ukiona nyekundu imeandikwa CI 15850 au CI 77491, hizo hazitoki kwa mdudu. Ya kwanza ni ya maabara, ya pili ni oksidi ya chuma.

Viambato viwili vinanisumbua kuliko vyote, glycerin na stearic acid, kwa sababu vinaweza kutoka kwenye mawese au kwenye mafuta ya mnyama, na boksi halisemi. Ndugu zangu Waislamu na Wasabato mnaoniuliza kuhusu nguruwe, jibu lenu liko hapa: alama ya vegani inawaondolea wasiwasi huo wa mafuta ya mnyama. Ila kwa Waislamu, vegani haina maana ya halali moja kwa moja. Marashi na vimiminika vingi vya vegani vina alkoholi. Hiyo mtaisoma wenyewe kwenye orodha.

Haya, mezani. Praima mbili, yaani vile vya kupaka kabla ya fandesheni. Hii ni Power Grip ya e.l.f., hii ni Hydro Grip ya Milk Makeup. Chapa zote mbili ni vegani kwa bidhaa zote, na zote hazijaribu kwa wanyama, kwa hiyo hapa unapumzika, unachagua kwa ngozi na mfuko. Zote ni jeli. Tazama kidole changu: ya e.l.f. inanata kweli, ukigusa shavu inavuta. Ya Milk ni nyepesi zaidi, inaingia kwenye ngozi haraka. Ya e.l.f. ni dola kumi na kitu, ya Milk inakaribia 40. Kwa joto la hapa Texas, na naamini kwa joto la Dar ni vilevile, ya e.l.f. inashika fandesheni mpaka jioni. Ipe dakika moja ikae kabla hujapaka kitu juu, na usiipake chini ya fandesheni yenye silikoni nyingi, itajikunja vipande vipande kama ufutio wa shule. Nikiagiziwa na mtu wa nyumbani, namnunulia ya e.l.f. na hela inayobaki anaongeza maskara.

Fandesheni. Fenty Beauty walipoanza 2017 na rangi 40 kwa mpigo, ngozi zetu zilipata nafasi ambayo hazikuwa nayo kwenye rafu nyingi. Nawaheshimu kwa hilo. Wanasema hawajaribu kwa wanyama. Lakini si kila bidhaa ya Fenty ni vegani, kwa hiyo kwao soma orodha ya kitu kimoja kimoja, hasa vya midomo na vya mashavu.

Kwa nyekundu ile ya karmini, Hourglass walitoa 2021 lipstiki yao Red 0 yenye rangi mbadala isiyo ya mdudu. Bei yake ni kubwa, sitawadanganya. Lakini ni nyekundu iliyokolea, haigeuki chungwa kwenye midomo myeusi, na imeonyesha kwamba kinachosemwa hakiwezekani kinawezekana.

Mtaniuliza, mbona Hourglass ni ya Unilever, Urban Decay ni ya L'Oréal, Too Faced ni ya Estée Lauder? Ni kweli. Wapo wasionunua kabisa chapa ndogo ya kampuni mama isiyo na cheti, na nawaelewa. Mimi nanunua, maana kampuni mama inasoma mauzo, na nataka ione mauzo yakihamia kwenye chapa yenye sungura.

La mwisho, brashi na kope. Watu wanasoma lipstiki herufi kwa herufi, halafu wanabandika kope za mink, ambazo ni manyoya ya mnyama. Brashi zikiandikwa goat, sable au squirrel, ni mbuzi, ni wanyama wa manyoya, ni kindi. Tafuta palipoandikwa synthetic au taklon, yaani nyuzi za kiwandani. Zinaoshwa kwa urahisi, zinakauka haraka, na hazinywi fandesheni yako ya hela nyingi.

Kama una boksi nyumbani ambalo hulielewi, piga picha orodha ya viambato, siyo upande wa mbele, andika na jina la rangi, unitumie kwenye komenti. Nitayasoma kwenye video ijayo, nikianza na ya midomo.