Oscar 2025: Mick Jagger Kapanda Jukwaani, Nyimbo Hazikuimbwa!

Haya wadau, karibuni tena. Macho yangu mekundu msiyaogope, ni ya Oscar, zile tuzo za filamu za Marekani. Kwetu huku imeanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, inaisha kuku wameshatoka bandani. Washindi mmeshawaona kwenye simu zenu: filamu ya Anora tuzo tano, nne kati ya hizo kabeba mwongozaji wake, Sean Baker, ile ya filamu bora akigawana na wenzake. Sisi tuichambue shughuli yenyewe.

Kilichoniudhi ni muziki. Kipengele cha wimbo bora kilikuwa na nyimbo tano. Miaka mingi tumezoea nyimbo hizi kuimbwa mubashara pale pale ukumbini. Safari hii hata mmoja! Tumewekewa vipande vya watunzi wakieleza walivyotunga. Ni sawa na kwenda harusini ukasomewa orodha ya vyakula, sahani haiji.

Ngoja nirudishe nyuma, muone wenyewe. Hapa. Anayekuja kutoa tuzo hiyo ni Mick Jagger! Mzee mzima wa bendi ya Rolling Stones, miaka 81. Anatania kwamba waandaaji walimtaka kwanza mwanamuziki mkongwe Bob Dylan, Dylan akawaambia watafute mtu mwenye umri mdogo zaidi. Nimecheka, sikatai. Lakini angalia sasa: mwimbaji wa namna ile mbele ya maiki, bahasha inafunguliwa, wimbo ulioshinda ni El Mal, makofi, imeisha hiyo. Mtunzi Diane Warren anawania kwa mara ya 16, tuzo hii hakuipata, na wimbo wake haukupewa hata ubeti. Aisee!

Mtasema muda haukutosha. Angalieni na hii. Lisa, Doja Cat na Raye wanaimba nyimbo za James Bond, Margaret Qualley anacheza, na Bond mwaka huu hana filamu hata moja inayowania. Adrien Brody, mwigizaji bora wa kiume, kaongea zaidi ya dakika tano, bendi ikaanza kumwondoa, akaomba muziki uzimwe. Ukazimwa! Conan O'Brien naye, mshereheshaji, kaimba wimbo wa kuahidi kwamba hatapoteza muda, huku lile dude la mchangani la filamu ya Dune likipiga kinanda. Masaa karibu manne.

Conan lakini ananifurahisha, yule wamrudishe.

Na ufunguzi, jamani, niwape haki yao. Kaimba Ariana Grande, kisha Cynthia Erivo, kisha wote wawili. Erivo alipopandisha ile sauti ya mwisho nilisahau usingizi. Ila nyimbo zile zote ni za zamani! Ndiyo maana nasema Grammy, zile tuzo za muziki, wanawazidi: kule mwimbaji anaimba kwanza, maneno baadaye.

Kuna chaneli zitawapa magauni tu, nendeni, mkichoka mrudi. Ijumaa hapa ni zamu ya Bongo Movie, gongeni kengele.

Bei sasa. Kuunguza bando masaa yote yale? Mimi nisingerudia. Ufunguzi na Jagger mtavipata YouTube kwa dakika chache. Mwaka 2014 tulikesha, Lupita Nyong'o akabeba tuzo, pale hata bando liishe huumii. Afadhali yetu lakini: Marekani baadhi ya waliotazama mtandaoni kupitia huduma ya Hulu walikatiwa kabla ya mwigizaji bora wa kike na filamu bora!

Mliokesha, andikeni hapo chini: usingizi uliwachukua kwenye tuzo gani?