Nakala za talaka mahakamani: uzoefu wangu na masijala za Tanzania Bara

Nawaandalia watu barua na nyaraka za mahakamani, na maombi ya nakala za talaka ni kazi isiyokauka. Nikiipima huduma hii kwa jumla: mwenye namba ya shauri huhudumiwa vizuri, mwenye majina matupu husota. Karani msimlaumu. Rejista za mashauri zinaandikwa kwa mfuatano wa kufunguliwa, si kwa alfabeti ya majina, kwa hiyo ukimpa karani majina tu unamtaka asome daftari zima, mstari kwa mstari, huku foleni nyuma yako inaongezeka.

Namba yenyewe ina mtego. "Shauri la Ndoa Na. 37/2014" maana yake shauri lilifunguliwa 2014. Hukumu huenda ilisomwa 2016. Watu hukumbuka mwaka walioachana, wanautaja huo, karani anafungua rejista ya 2016 na hakuti kitu. Taja miaka yote miwili, wa kufungua na wa hukumu. Kama huna uhakika, anza na mwaka wa hukumu kisha rudi nyuma. Kidokezo kizuri ni cheti cha Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kile cha kueleza kuwa baraza limeshindwa kuwapatanisha: kwa kawaida shauri halipokelewi bila hicho, na kinatakiwa kiwe kimetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua. Mwenye kopi yake nyumbani tayari ameshapunguza upekuzi kwa kiasi kikubwa.

Majina nayo yaandike kwa kila sura yaliyowahi kuwa nayo. Ally na Ali, Salum na Salim, Mwanaidi na Mwanahidi, jina la baba au jina la mume. Mwanamke anayejulikana mtaani kwa ubini wa mumewe huenda alifungua shauri kwa ubini wa baba yake. Na usisahau nani alikuwa mdai: kama mke ndiye aliyefungua, jina lake ndilo linatangulia kwenye rejista.

Kujua mahakama gani ni kazi nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu shauri la talaka kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa hiyo mji mmoja unaweza kuwa na masijala tatu nne za kuulizia, na ya Mwanzo haitakuwa na habari za jalada la Wilaya. Mipaka nayo imebadilika: Geita, Njombe, Katavi na Simiyu zimekuwa mikoa 2012, na shauri la kabla ya hapo usilitafute kwa kufuata ramani ya leo. Kwa Dar es Salaam, tangu 2021 kuna kituo jumuishi cha Temeke cha mashauri ya ndoa na mirathi, kina mahakama za ngazi mbalimbali kwenye eneo moja, na kwa mashauri ya karibuni ni nafuu kubwa. Ila wapo wanaokwenda pale na talaka ya 2009 wakidhani kila jalada la jiji limehamia huko. La zamani anzia kuulizia lilikofunguliwa.

Halafu kuna rufaa, na hapa ndipo wengi wanapozungushwa bila kuelewa kwa nini. Mmoja akikata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo, jalada la awali huitwa na mahakama ya juu. Ukienda Mwanzo utaambiwa "jalada halipo", na ni kweli halipo, lakini halijapotea. Uliza swali la pili: "Lilikwenda wapi, na kwa barua ya tarehe gani?" Kama rufaa ilifika Mahakama Kuu, jaribu pia kutafuta hukumu yake TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania; haidai hata shilingi. Ukurasa wa kwanza wa hukumu ya rufaa hutaja shauri lilikotoka pamoja na namba yake ya awali. Usitegemee kukuta humo talaka ya Mahakama ya Mwanzo ambayo haikukatiwa rufaa.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja. Mahakama ya Mwanzo na ya Wilaya mwandikie Hakimu Mfawidhi, Mahakama Kuu mwandikie Naibu Msajili. Kichwa kiwe hivi: "YAH: MAOMBI YA NAKALA ZILIZOTHIBITISHWA ZA HUKUMU NA TUZO, SHAURI LA NDOA NA. …". Chini yake majina ya wadaawa (pande mbili za shauri), jina la hakimu kama unalikumbuka, tarehe ya hukumu, sababu ya kuomba na namba ya simu inayopatikana. Ambatisha kopi ya kitambulisho cha NIDA. Ukimtuma mtu, mpe barua ya kumruhusu yenye sahihi yako na kopi ya kitambulisho chako na chake; kwa walio nje ya nchi, hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa inakubalika kirahisi zaidi. Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo. Bila hiyo, ufuatiliaji wote unabaki kuwa maneno.

Ona nilivyoandika: hukumu na tuzo. Hukumu ni maelezo ya hakimu, kurasa kadhaa zenye ushahidi na sababu. Tuzo ni hati fupi inayosema ndoa imevunjwa, tarehe gani, na amri za mali na watoto. Ofisi nyingi zinataka tuzo. Mara nyingi jaladani kuna hukumu iliyochapwa lakini tuzo haijaandaliwa kabisa, kwa sababu hakuna aliyeiomba. Ukiomba "karatasi ya talaka" utapewa hukumu, utaondoka umefurahi, na utarudishwa na ofisi ya kwanza utakayokwenda.

Kabla ya kutoka dirishani, isome nakala hapo hapo. Majina yalingane na cheti cha ndoa na pasipoti, herufi kwa herufi. Namba ya shauri na mwaka. Tarehe ya hukumu kwenye tuzo iwe ile ile ya kwenye hukumu. Muhuri usomeke, maana muhuri uliokauka wino unakataliwa ubalozini. Pia kuwe na sahihi ya aliyethibitisha, jina na cheo chake. Kosa la uchapaji linarekebishwa kwa barua kwa mahakama ile ile. Usithubutu kufuta na kalamu mwenyewe.

Malipo yoyote yanapitia namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, tarakimu 12 zinazoanza na 99, unalipa kwa simu au benki. Anayetaka fedha mkononi "ya kutafutia faili" hana risiti ya kukupa.

Kwa ndoa za Kiislamu, talaka ya mume na cheti cha BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu, havitoshi mbele ya sheria ya Bara. Kifungu cha 107(3) cha Sheria ya Ndoa kinataka baraza lishindwe kupatanisha, talaka itolewe, kisha mahakama itoe tuzo. Kama hatua hiyo ya mwisho haikufanyika, hakuna rekodi ya kutafuta; kuna shauri la kufungua. Zanzibar ni habari tofauti, Sheria hii ya Ndoa haitumiki huko, na pa kuanzia ni Mahakama ya Kadhi ya wilaya husika.

Ukishapata tuzo, ipeleke RITA, wakala wa serikali wa usajili, pamoja na cheti cha ndoa ili talaka isajiliwe. Wengi huiruka hatua hii, na huwagharimu wanapotaka kuoa au kuolewa tena. Kwa matumizi ya nje ya nchi, nyaraka za Mahakama ya Mwanzo ziko kwa Kiswahili: tafsiri ipitie BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, halafu Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi, kwa mpangilio huo.

Jalada likikosekana kweli, omba jibu la maandishi linalosema hivyo. Kisha kusanya chochote kilichobaki: kopi ya wakili, kopi ya mwenza wa zamani, hati ya madai yenye muhuri, cheti cha baraza. Mahakama inaweza kuliunda upya jalada kutokana na nyaraka za pande zote mbili, na hapo uhusiano wako na huyo mliyeachana naye una thamani kuliko barua yoyote nitakayokuandikia.