Kuunganisha Apache Spark na data ya Stripe: njia ipi ulipie?

Kampuni inayouza huduma kwa ada ya mwezi na kukusanya malipo kupitia Stripe hufika mahali maswali yakaizidi dashibodi: wateja wangapi wameondoka robo hii, na ankara zipi zililipwa kwa kuchelewa. Timu ikiwa tayari inatumia Spark, programu ya kuchakata data nyingi kwa mashine nyingi kwa pamoja, inataka data hiyo iingie humo. Nimezipanga njia nne kwa kigezo kimoja: data ishushwe kwanza, ikae kwenye faili za Parquet (muundo wa kuhifadhi majedwali makubwa) au kwenye ghala la data, ndipo Spark isome. Na kama ankara zako zote zinaenea vizuri kwenye hifadhidata moja ya Postgres, usinunue chochote kati ya hivi. Hujafikia kuhitaji Spark.

Ya kwanza ni Stripe Data Pipeline, huduma ya Stripe wenyewe. Inapeleka nakala ya data yako kwenye maghala ya data ya Snowflake au Amazon Redshift, au kwenye hifadhi ya wingu. Unailipia zaidi na data haifiki papo kwa papo, lakini huandiki msimbo wa kushusha, na majedwali yanatoka kwa mwenye mfumo.

Ya pili ni huduma za kunakili, yaani Fivetran na Airbyte. Chagua hizi kama una vyanzo vingine pia, mathalani Chargebee, huduma nyingine ya kutoza usajili, kwa bidhaa moja na Stripe kwa nyingine. Fivetran hutoza kwa idadi ya safu zilizobadilika ndani ya mwezi, kwa hiyo piga hesabu ya mwezi wenye shughuli nyingi kabla ya kutia sahihi. Airbyte unaweza kuisimika kwenye seva yako bila ada ya leseni, ila umtenge mtu wa kuiangalia.

Ya tatu ni kuandika msimbo wako juu ya API, yaani mlango ambao programu huombea data kwa Stripe. Inaonekana ya bure, na hapa ndipo timu nyingi zinapoteza muda. Stripe hutoa rekodi zisizozidi 100 kwa ombi moja, na kila ukurasa unasubiri kitambulisho cha mwisho cha ukurasa uliotangulia. Ankara 500,000 ni maombi 5,000 yanayofuatana. Kuna mitego miwili zaidi. Orodha ya usajili, usipoweka status=all, haileti waliositisha, na hao ndio unaowatafuta. Pia ukichuja ankara kwa tarehe ya kuundwa, ile iliyoundwa Januari na kulipwa Februari itabaki kwako kama haijalipwa. Dawa yake ni kufuata matukio, yaani kumbukumbu za kila badiliko ndani ya Stripe, lakini API ya matukio inarudi nyuma siku 30 tu. Msimbo wako ukilala mwezi mzima, unashusha upya.

Ya mwisho ni dreva ya JDBC, kiunganishi kinachoifanya programu isome chanzo kana kwamba ni hifadhidata, kama zile zinazouzwa na CData. Unaandika SQL, dreva inaigeuza kuwa maombi ya API. Mchambuzi anayetaka kuchungulia jedwali dogo itamfaa sana. Kwa kazi ya kila usiku, hapana. Usipotaja vigezo vya kugawa usomaji, yaani partitionColumn, lowerBound, upperBound na numPartitions, Spark inasoma kwa muunganisho mmoja, hata uwe na mashine ishirini. Ukigawa mara nane, miunganisho yote minane inagongana na kikomo kilekile cha maombi cha Stripe. Isitoshe, Spark hukokotoa pale tu inapodaiwa jibu: ukiita count() kisha show() bila cache(), amri ya kuhifadhi data iliyokwisha kusomwa, inarudi kusoma kwenye chanzo mara ya pili.

Kabla ya kulipa, omba muda wa majaribio ukague sarafu. Stripe huandika kiasi kwa kipimo kidogo kabisa cha sarafu, hivyo 1000 ya dola za Marekani ni dola 10, lakini 1000 ya faranga za Rwanda au Burundi ni faranga 1,000 kamili. Shilingi ya Uganda haina senti, ila kwenye API huandikwa kana kwamba inazo: 500 ni shilingi 5. Chukua ankara moja ya kila sarafu unayotumia uilinganishe na risiti. Zana inayogawa kila kitu kwa 100 irudishe kwa muuzaji.

Ufunguo wa API utakaompa muuzaji huyo uwe wa kusoma tu, wenye mipaka. Stripe inakuruhusu kuutengeneza, na usikubali kutoa ufunguo mkuu hata wakisema ni wa siku ya kwanza tu.