Okidi za Kitalu cha Barabarani Dar es Salaam: Cha Kununua na cha Kuacha

Kitalu ninachokizungumzia ni kimoja kati ya vile vilivyopangana kando ya barabara kuu upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, na jina lake sitalitaja kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema hayatampendeza mwenyewe. Kwa mtu anayetaka kutunza okidi nyumbani, nakiona ni bora kuliko maduka ya maua ya mjini, kwa sharti kwamba mnunuzi achague mimea inayokuzwa hapo hapo katika makumbi, mkaa na vyungu vya udongo, na aipite ile inayoletwa ikiwa imekwisha kuchanua.

Hiyo iliyochanua ni Phalaenopsis, okidi yenye majani mapana na kikonyo kirefu kilichopinda kwa uzito wa maua meupe au ya zambarau, ambayo huzalishwa kwa wingi katika mabanda ya vioo ya Uholanzi na katika vitalu vya Taiwan. Imepangwa mbele kabisa, karibu na barabara, na bei ya mmoja inatosha kununua Dendrobium mbili, okidi nyingine inayouzwa hapo hapo, pamoja na vyungu vyake. Sina ugomvi na uzuri wake. Tatizo ni kwamba mmea huu hutoa kikonyo kipya pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 26 hivi za Selsiasi kwa wiki kadhaa, mchana ukiwamo, ilhali mchana wa Dar es Salaam hufika nyuzi 28 au 29 hata mwezi wa Julai. Maua yatadumu miezi miwili au mitatu, kisha yatapukutika, na mwenye nyumba atabaki na majani mazuri yasiyo na dalili ya kuchanua tena, labda awe na kiyoyozi kinachofanya kazi kutwa nzima. Mkazi wa Lushoto au Arusha ana hesabu nyingine kabisa. Muuzaji, hata hivyo, humwahidi kila mteja kwamba maua yatarudi mwakani, na ahadi hiyo ndiyo inayonifanya nipunguze alama.

Isitoshe, mimea hiyo huuzwa ikiwa imeshindiliwa sfagnamu, yaani mimea midogo ya kinamasini iliyokaushwa, ambayo hunyonya maji mengi na kuyashikilia kwa siku nyingi, tena ndani ya kopo la urembo lisilo na tundu. Porini Phalaenopsis huishi juu ya miti, na mizizi yake imefunikwa ngozi nene kama sifongo, ya rangi ya fedha inapokuwa kavu na ya kijani inapolowa. Mizizi ya namna hiyo huhitaji kulowa na kisha kupata hewa. Ikikaa ndani ya unyevu msimu mzima wa masika huoza kimyakimya, na majani yanapoanza kunywea mwenyewe hudhani mmea una kiu, akauongezea maji. Anayeupenda mmea huu kiasi cha kutojali hoja yangu ya joto basi autoe humo mara maua yakiisha.

Nyuma ya kitalu, chini ya wavu wa kivuli, ndiko kwenye thamani halisi ya fedha. Hapo kuna Dendrobium chotara zenye asili ya Dendrobium bigibbum, okidi ya kaskazini mwa Australia na Guinea Mpya, kwa hiyo joto la pwani yetu si jambo geni kwake. Mmea huu husimama kwa mashina manene yanayohifadhi maji na chakula, huvumilia mwanga mkali wa asubuhi barazani, na ukitunzwa vizuri huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Katika siku za kaskazi, jua likiwa kali na upepo ukikausha kila kitu, naumwagilia kila asubuhi. Masika inapoingia nausogeza chini ya paa, kwa maana mvua isiyokatika huleta madoa meusi yanayoozesha machipukizi. Lawama yangu hapa ni ndogo: vijana wa kitaluni hupenda kukata mashina yaliyopukutisha majani ili mmea uonekane nadhifu. Mashina hayo bado yanaulisha mmea, na mara nyingine huchanua yakiwa hayana jani hata moja, kwa hiyo chagua mmea ambao haujapitiwa na mkasi.

Makumbi yao ni mazuri, makavu na yaliyokatwa vipande vya ukubwa wa kidole gumba, yakichanganywa na mkaa. Niliuliza yanakotoka, kwa sababu makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kutengeneza usumba hujaa chumvi ya bahari, na chumvi huunguza ncha za mizizi. Nilijibiwa kwamba huchukuliwa makavu kwa wafua nazi. Hata hayo yana chumvi zake za asili, kwa hiyo yaloweke katika maji yasiyo na chumvi na kuyabadilisha mara kadhaa kabla ya kuyatumia. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye kisima cha maji ya magadi afadhali akinge maji ya mvua.

Mbolea nisingeinunua hapo. Ni NPK ya 20-20-20, yaani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, iliyogawanywa katika vifuko visivyo na maandishi yoyote, na kipimo unachoambiwa, kijiko kizima kwa lita moja, ni kikali mno kwa okidi. Robo kijiko cha chai kwa lita mbili, mara moja kwa wiki, juu ya makumbi yaliyokwisha kuloweshwa, inatosha.

Kuna pia mafungu ya Ansellia africana, okidi yetu wenyewe yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, yakiwa bado yameng'ang'ania magome ya mti yaliyotoka nayo. Magome hayo yanaonyesha wazi kwamba mmea umebanduliwa porini, na fungu kubwa la namna hiyo huchukua miaka mingi kukua. Okidi zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, zinapovushwa mpaka. Mimi sinunui.

Huduma ya kupandikiza ndiyo iliyonirudisha pale. Ukileta mmea wako, mzee mmoja huukagua mzizi kwa mzizi, hukata uliooza, husafisha mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa mmea mwingine, na hutoza ujira mdogo juu ya bei ya chungu. Mwulize yeye maswali yako, si vijana wa mbele, na ufike asubuhi, kwani alasiri mara nyingi huwa ameshaondoka.